Mafuta Yalikuwa Ndani ya Kuku

Mwalimu wa darasa letu la uandishi alinirudishia kurasa zangu akiwa amezichorachora kwa penseli. Pembeni mwa ukurasa wa mwisho, pale ninapoagana na mtoto niliyemlea Saudia, alikuwa ameandika neno moja ambalo sijawahi kulisikia: schmaltz. Nililisoma, nikalisoma tena. Nikadhani ni jina la ugonjwa.

Darasa lenyewe hukutana Jumamosi katika chumba cha nyuma cha kanisa. Wanafunzi wote ni watu wazima, na mwalimu ni kijana mpole asiyesema jambo kwa nia ya kuumiza. Nilipomuuliza akanieleza kwamba hilo ni neno la Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki. Mwanzo lilikuwa jina la chakula: mafuta ya kuku au ya bata bukini, yanayoyeyushwa polepole pamoja na kitunguu, ya kupaka kwenye mkate. Baadaye likatoka jikoni. Watu wakaanza kuzibandika jina hilo nyimbo na hadithi zinazochuruzika hisia kupita kiasi, zile zinazomkamua mtu machozi kwa nguvu.

"Hapa umeweka mafuta mengi," akasema. "Punguza. Msomaji atalia mwenyewe, usimsukume."

Nilicheka mpaka wenzangu wakageuka. Akauliza cha kuchekesha ni nini. Nikamrudisha kwenye ukurasa wa tatu, mahali ambapo mimi mwenyewe, bila kujua kwamba kuna Myahudi yeyote duniani aliyewahi kufanya hivyo, nimesimama katika jiko la watu huko Riyadh nikiyeyusha mafuta ya kuku kwa kitunguu na kuyapaka kwenye mkate. Naye akacheka. Lakini alama zake za penseli hakuzifuta, na mimi sikupunguza kitu. Nimeamua kuyaandika yote upya, na safari hii naongeza.

Nilikwenda Saudia miaka ile ambayo maejenti walikuwa wakiingia mpaka vijijini kwetu, Magharibi mwa Kenya, kutafuta wasichana wa kazi za nyumbani. Sitasimulia uwanja wa ndege, wala jinsi pasipoti yangu ilivyotoka mkononi mwangu ikaingia mfukoni mwa kafili, yaani tajiri aliyenileta. Aliyekwenda anayajua hayo, na ambaye hakwenda ameyasikia mpaka amechoka. Mimi naanzia kwenye kabati.

Chumba changu kilikuwa nyuma ya jiko, karibu na mashine ya kufulia. Kulikuwa na kitanda, dirisha dogo la juu, na kabati la mbao la milango miwili. Asubuhi yangu ya kwanza niliamshwa na mlio wa bawaba. Mtoto wa kike, hajafikisha miaka minne, nywele timutimu, alikuwa amefungua kabati langu na kuingiza kichwa ndani. Akasogeza nguo zangu chache, akaangalia nyuma yake. Akapiga magoti, akachungulia chini ya kitanda. Kisha akanitazama kama anavyotazamwa mtu aliyekalia kiti cha mwenyewe, akatoka.

Kesho yake akaja tena akafungua kabati. Na kesho kutwa yake vivyo hivyo.

Mama yake, ambaye kwangu alikuwa madam na atabaki kuwa madam, alinieleza kwa Kiarabu, Kiingereza na mikono. Kabla yangu alikuwapo dada mmoja wa Kiindonesia aliyemlea mtoto huyo tangu kuzaliwa. Mkataba wake ulipokwisha, mtoto alipelekwa bustanini kubembea. Aliporudi, dada hayupo, kitanda kimetandikwa. Kumbe huo ndio utaratibu wa nyumba nyingi kule. Mfanyakazi huondolewa mtoto akiwa shuleni, au amelala, au amepelekwa kwa shangazi, ili kusiwe na kelele mlangoni.

"Hivi ndiyo vizuri," madam akasema. "Mafi kulia, hakuna kulia. Mtoto anasahau."

Nikamtazama huyo mtoto aliyesahau. Alikuwa hali. Alikuwa akiweka wali mdomoni na kuuacha shavuni mpaka mtu autoe kwa kidole.

Kwetu jambo hilo halina jina zuri. Nyanya yangu alikuwa akisema, mtu akiondoka nyumbani kwako bila kuaga, hesabu vijiko. Mgeni akitaka kwenda husema anakwenda, hukatazwa kidogo kwa ajili ya adabu, halafu husindikizwa. Humwachi mgeni mlangoni. Unatoka naye, unapita naye kwenye migomba, mnaongea yale mambo ambayo hamkuyasema mlipokuwa mmekaa. Nyanya alikuwa na rafiki yake wa ng'ambo ya mto, na hao walikuwa kichekesho cha kijiji. Nyanya humsindikiza mwenzake mpaka kwake, mwenzake akaona si haki nyanya arudi peke yake, akamsindikiza kurudi. Wakifika kwetu, nyanya anageuka naye tena. Uji ulikuwa ukipoa jikoni huku wao wako njiani. Mwisho wake ulikuwa mmoja tu: walisimama katikati ya njia, kwenye jiwe la kufulia, wakapeana mikono, kila mmoja akageukia kwake.

Nikiwa bado mgeni katika nyumba ile nilijiwekea nadhiri. Siku yangu ikifika, huyu mtoto nitamuaga. Anione nikienda. Sikujua nitafanyaje, maana mlango haukuwa wangu wala pasipoti haikuwa yangu, lakini niliapa, na mimi nikiapa huwa mkaidi kuliko punda wa kijijini.

Sasa hayo mafuta.

Madam alikuwa kwenye rejimu, ndivyo wanavyoiita, kula kwa kujinyima ili mwili upungue. Kuku walikuwa wakija kwa wingi, na amri ilikuwa kwamba kila kuku avuliwe ngozi, atolewe mafuta yote ya tumboni na ya mkiani, na hayo yote yatupwe. Yatupwe! Mimi ni mtu wa Magharibi. Kwetu kuku si mboga, kuku ni heshima, na mgeni asiyechinjiwa kuku atakwenda kusema huko nje kwamba alipewa maji ya kunawa tu. Nyanya yangu alizeeka bila kuonja kuku, kwa kuwa enzi zake nyama hiyo ilikuwa ya wanaume, lakini mafuta yake aliyajua kuliko wao. Aliyayeyusha akawawekea wajukuu kwenye ugali. Nikisimama pale na ngozi mkononi juu ya pipa la taka, nilikuwa namwona nyanya ananitazama.

Kwa hiyo sikutupa. Nilikata ngozi na mafuta vipande vidogo, nikaviweka kwenye sufuria na maji kidogo, moto mdogo kabisa. Maji huchemka kwanza, yakaisha. Halafu mafuta hujitokeza yenyewe, ya manjano, safi, na vile vipande vya ngozi hujikunja na kukauka. Kitunguu kinaingia mwishoni. Nilichuja nikatia kwenye chupa iliyokuwa na tahini, rojo la ufuta, nikaificha nyuma ya sabuni za kufulia. Mchana madam akiwa kazini nilikata mkate wa samuli, ule mdogo mrefu wa kule, nikaupaka, nikanyunyiza chumvi, nikaweka juu vile vipande vikavu, nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa karibu na mashine, nikala. Nasema wazi kwamba hiyo ndiyo saa pekee ya siku niliyojiona mtu.

Siku moja mtoto alinikuta hapo. Alikuwa amekuja kukagua kabati lake. Akasimama, akanusa, akafungua mdomo kama kinda. Nikamkatia kipande. Akatafuna, akameza. Akafungua mdomo tena.

Madam alipoigundua ile chupa alipiga kelele. "Shaham!" Neno hilo sikuhitaji kutafsiriwa, kwetu pia shahamu ni shahamu. Alisema nitamuua mwanawe kwa mafuta. Alikuwa ameinua chupa aitupe. Mtoto alikuwa mezani anakula, mafuta yamemfika kidevuni, na tangu yule dada aondoke hakuwa amekula mkate mzima. Madam akamtazama. Akairudisha chupa mezani, akafunga kifuniko chake vizuri, akaenda zake chumbani, na hatukulizungumza tena jambo hilo.

Mtoto akaanza kuniita Anti, kama nilivyomfundisha. Akajifunza "njoo" na "ngoja" na "wacha." Na kwa kuwa ruhusa yangu ya kutoka ilikuwa ya kutupa taka tu, kwenye pipa kubwa lililokuwa nje ya geti, nikamfundisha kusindikiza. Natoka mlango wa jikoni na mfuko wa taka, namwambia, "Nisindikize." Ananisindikiza mpaka getini. Natupa taka, namwambia, "Haya, sasa mimi nikusindikize wewe." Tunarudi mpaka mlangoni. Hapo yeye anang'aka kwamba si haki mimi nirudi peke yangu, ananisindikiza tena getini ingawa hakuna taka. Tulikuwa tunakwenda na kurudi katika ua ule wa saruji kama nyanya na rafiki yake. Tulipochoka tulisimama katikati, kwenye bomba la kumwagilia maua, tukapeana mikono kwa heshima kubwa, kila mmoja akageukia upande wake. Nilimwambia ndiyo sheria, mchezo huishia katikati.

Kabati akaacha kulifungua. Sikumkataza. Aliacha mwenyewe.

Baba, yaani bosi, alipata kazi Jeddah tukahamia huko, nyumba ya mtaa wa Aziziya. Jeddah ni jasho. Riyadh wakati wa baridi mafuta yangu yalikuwa yakiganda kwenye chupa mpaka nayachota kwa kisu, lakini Jeddah hayakuganda hata siku moja, yalitulia tu kwenye chupa kama chai ya rangi. Mambo mengine hayakubadilika. Kulikuwa na mlango wa jikoni, ua, bomba katikati, na geti. Mtoto alianza shule, akang'oka meno ya mbele, akawa mjeuri. Mimi nikatia sahihi mkataba wa pili.

Nyumba ile ya Jeddah ilikuwa na dereva Mkenya, mlokole mmoja mcheshi kutoka Machakos. Siku zake za mapumziko alikuwa akienda Ghulail, ambako Waafrika wengi wanaishi, akaniletea unga wa mahindi chini ya kiti cha gari. Yeye ndiye aliyenitobolea siri mkataba wa pili ulipokaribia kwisha. Nilikuwa nimesema narudi nyumbani. Mama yangu alikuwa na nyumba ya bati sasa, wadogo zangu wamesoma, na mimi nilitaka kulala kwenye kitanda ambacho hakuna mtu wa kunigongea ukuta. Baba hakubisha, aliniombea viza ya kutoka, ile tunayoiita exit, maana bila hiyo hutoki Saudia hata ukiwa na tiketi.

"Sista, skiza," dereva akaniambia akijifanya anafuta kioo. "Alhamisi mimi nakupeleka airport baada ya asri. Lakini mtoi atakuwa ashapelekwa kwa shosho yake mapema. Madam amesema usiambiwe mpaka siku hiyo."

"Kwani mimi ni mwizi?"

"Usianze. Hawa watu ukiwaletea noma, baba anapiga simu moja tu, exit inakufa. Umeshaona wangapi? Wacha mtoi. Atasahau."

"Wewe ulimuaga mkeo ulipokuja huku?"

"Hiyo ni different, bana."

"Different vipi?"

Akaendelea kufuta kioo ambacho kilikuwa kimeshatakata.

Nilikwenda jikoni. Nilikuwa nimeweka ngozi motoni, nikitengeneza chupa ya mwisho, kubwa, ya kumwachia mtoto. Madam akaingia kuchukua maji.

"Madam, Alhamisi mtoto anakwenda wapi?"

"Kwa bibi yake."

"Na mimi nakwenda wapi?"

Akajua kwamba nimejua. Akaweka glasi chini. "Ni vizuri hivyo. Asikuone ukienda. Atalia."

"Ndiyo, atalia. Na mimi nitalia. Kwani kulia ni kuvunja sahani?"

"Sitaki drama nyumbani kwangu."

"Madam, mimi sipandi gari bila kumuaga mtoto."

Nilikuwa naogopa, tena sana. Sikuwa nimewahi kumwambia mwanamke yule "sipandi," wala "sitaki," wala "hapana" iliyosimama peke yake bila "samahani" mbele yake. Miaka yote niliyokaa naye nilimwambia "haya, madam."

"Basi mwambie unarudi baada ya Ramadhani," akasema.

"Simwambii. Sirudi."

"Nikimwambia baba afute exit?"

"Afute."

Neno lilishatoka. Ningekuwa na akili ningelirudisha, lakini hasira ilikuwa imenipanda, na si ya siku hiyo. Ilikuwa hasira ya ile asubuhi ya kwanza, ya mtoto mwenye nywele timutimu anayesogeza nguo zangu kumtafuta mtu nyuma yake.

Madam hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemweleza mtoto hesabu, "Wewe hujui. Mimi pia nililelewa na mwanamke wa kazi. Siku moja nikarudi kutoka shuleni, hayupo. Nikasahau. Halas, yakaisha. Niangalie, nimekufa?"

"Alikuwa anaitwa nani?"

Akalitaja jina lake papo hapo. Sikuwa nimemaliza kuuliza. Akalitaja, akataja na jina la utani ambalo yeye alikuwa akimwitia, na bila kuulizwa akagusa jino lake la mbele akasema hapa alikuwa na pengo, na alikuwa akipitisha ulimi kwenye pengo hilo anapopiga pasi. Mkono ulikuwa bado mdomoni. Macho yake yalijaa machozi, na mimi sikumpa kitambaa, nilimwachia aone yanavyokuwa.

"Mafuta yako yanaungua," akasema, akatoka bila kuchukua maji.

Hayakuwa yanaungua. Moto ulikuwa mdogo vile vile.

Siku zilizofuata hakunipa jibu. Hakuniambia ndiyo wala hapana, na baba alinikabidhi tiketi bila kunitazama. Nilifunga sanduku. Nilipanga kwamba mtoto akipelekwa kwa bibi yake, mimi nitakaa juu ya sanduku langu hapo uani, na wanibebe kama gunia kama wanaweza. Dereva aliniambia ananiombea. Nikamwambia aniombee nikiwa nimekaa.

Alhamisi ikafika. Mchana ukapita na gari halikutoka. Sala ya asri ilipokwisha nilisikia mlango wa jikoni, na madam alikuwa amesimama hapo, amemshika mtoto mkono. Mtoto amevaa viatu.

"Muage," madam akasema. "Yalla."

Sasa hapa ndipo penseli ya mwalimu ilipoanza kazi, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Nilichuchumaa nikamwambia kweli. Nikamwambia, Anti anakwenda kwao. Ni mbali, kwa ndege. Sirudi. Si kwa kuwa umefanya kosa. Akaniuliza nani atampakia mkate. Nikamwonyesha ile chupa kubwa. Hakuiangalia. Akatazama sanduku langu, akatazama geti, na uso wake ukawa mdogo. Halafu akanishika kidole akasema, kwa Kiswahili, kwa ile sauti yake ya amri, "Nikusindikize?"

Tukatoka. Dereva alibeba sanduku mbele yetu. Tulipita bomba, tukafika getini. Gari lilikuwa limeshawashwa. Niliinama nimbusu, na yeye akaniangalia kana kwamba nimesahau kitu ambacho hata mtoto anakijua.

"Sasa wewe nisindikize mimi," akasema.

Ningefanyaje? Nilimsindikiza. Tulirudi ua mzima mpaka mlango wa jikoni, ambapo madam alikuwa bado amesimama. Mtoto akagusa kizingiti, akageuka. "Si haki," akasema. Tukaenda tena getini. Dereva akafungua mdomo aniambie ndege haingoji mapenzi, akamtazama mtoto, akaufunga. Tukarudi. Tukaenda. Baba alitokea dirishani juu akauliza kuna nini, na nilimsikia madam akimjibu kwa Kiarabu kwa ukali ambao sijawahi kumsikia nao, "Waache." Nilikuwa nalia kwa sauti, kamasi na kila kitu, na sikujifuta kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa wa mtoto na mwingine sikutaka kuutumia kujificha. Mtoto hakuwa analia. Alikuwa na kazi.

Safari ya mwisho tulitoka mlangoni, tukatembea, na alipofika kwenye bomba akasimama. Mimi nilikuwa nimeshapiga hatua mbele, akanivuta kidole.

"Hapa," akasema. "Halas. Katikati."

Akaachia kidole changu, akanipa mkono kwa heshima, kama nilivyomfundisha. Nikaupokea. Akageukia kwake, mimi nikageukia kwangu, na nilipochungulia kutoka kwenye gari alikuwa amefika mlangoni na mama yake amepiga magoti sakafuni amemkumbatia. Hapo ndipo mtoto alipolia. Nilimsikia mpaka tulipopinda kona, na dereva naye akaanza kuimba pambio kwa sauti ya juu ili nisimwone anavyokunja uso.

Mwalimu, nimeyasoma tena hayo yote, na sipunguzi. Unasema nimeweka mafuta. Mimi sikuweka. Nilichukua ngozi ambayo watu walisema itupwe, nikaiweka juu ya moto mdogo, na mafuta yakatoka, kwa kuwa yalikuwa ndani ya kuku tangu mwanzo. Anayeogopa kuchafuka kidevu aendelee na rejimu yake. Nawaza pia hao waliolitunga neno lako, wakiwa na mkate mkavu na baridi ya kwao, kwamba siku walipokuwa na njaa hakuna aliyelisema kwa kubeza.

Kuna jambo moja zaidi, ambalo halikuwa kwenye kurasa ulizosoma. Nilikuwa nimesharudi nyumbani, niko kwenye foleni ya posho mill na debe langu la mahindi, simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa sauti wa madam kwenye WhatsApp. Hakunisalimu kwa kirefu. Alisema jiko lake limejaa moshi, ngozi zimekuwa makaa, na mtoto anamwambia kwamba hajui kuyeyusha, Anti hakuwa anafanya hivyo. Akauliza, moto uwe mdogo kiasi gani? Nikamrekodia jibu palepale, kelele za mashine zikiingia: aweke maji kidogo kwanza, na asiondoke jikoni. Halafu ikaja sauti nyingine fupi, ya chinichini, kama mtu aliyetoka chumbani ili asisikike.

"Kila asubuhi napita chumbani kwako kuangalia," akasema. "Kabati hajalifungua."

Nililia kwenye foleni ya posho mill, mbele ya watu, debe kichwani. Hapo napo, Mwalimu, andika neno lako. Nimekuachia nafasi pembeni.